Majivu kwenye Meza ya Msumeno

Jumatatu, 5 Novemba 1951

Seti Fakhrudin, tajiri wangu, kanipa daftari hili jipya, bado linanuka duka. "Fundi Tobias," kasema, "kila siku utaandika umefanya nini kwenye ule msumeno. Mimi nataka ukate chuma kabla masika haijaisha." Ana kazi ya paa la ghala la nta, vyuma vizito, na kukata kwa mkono tutazeeka. Basi naandika. Mimi ni fundi chuma katika karakana yake hapa Ng'ambo, Tabora, mwaka wa kumi na mmoja sasa. Nilisoma miaka minne kwa mapadri. Mwandiko wangu hauna aibu.

Msumeno wenyewe ni wa utepe, umeachwa na Mjerumani. Una magurudumu mawili makubwa, moja juu na moja chini, na utepe wa chuma wenye meno unazunguka juu yake kama mkanda, ukipita katikati ya meza. Umefunikwa turubai tangu Machi 1948, siku utepe ulipokatika ukamuua Damas aliyekuwa akiuendesha. Damas alikuwa Mluguru wa Matombo, mimi Mnyamwezi, kwa hiyo alikuwa mtani wangu. Yatosha kwa leo.

6 Novemba

Nimefunua turubai. Kutu, panya, mpira wa magurudumu umeoza. Mafundi wenzangu wote wamepata kazi za haraka upande wa pili wa karakana.

7 Novemba

Asubuhi nimekuta majivu juu ya meza ya msumeno. Kiasi cha kiganja, yamepangwa mstari mwembamba, baridi. Tanuri la mzee Mabruki liko hatua kumi tu, na upepo una mambo yake. Nimeyafuta.

14 Novemba

Mvua ya kwanza. Nimesugua kutu kutwa nzima.

20 Novemba

Mzee Mabruki kanifulia bushi mbili za shaba kwa ajili ya gurudumu la chini. Mzee huyu amepita sabini. Baba yake alibeba pembe mpaka pwani mara tatu, na yeye mwenyewe huongea kana kwamba bado yuko njiani. Kanipa bushi halafu hakuondoka.

"Tobias, mashine iliyoua haitengenezwi. Inaombwa."

"Iombe wewe, mzee. Mimi nitaipaka grisi."

Akacheka kidogo, akaenda zake. Leo pia palikuwa na majivu.

24 Novemba

Nieleze habari za Eustadia, maana nitamtaja sana. Ni mjane wa Damas. Anapika chini ya mabati karibu na lango letu, wali na maharage, ugali na kisamvu, nasi wote tunakula kwake. Ana watoto wawili shuleni, mkubwa ni Apolinaria. Wenzao wanawaita wana wa chupa, kwa sababu cheti cha ajali kiliandikwa kwamba baba yao alikuwa amelewa kazini. Huyo mama hajawahi kuninung'unikia hata siku moja. Ananipakulia kuliko wenzangu wote, nami kila siku namaliza.

3 Desemba

Leo nimeunga utepe. Utepe huja umenyooka; fundi ndiye anayeufanya pete. Unachonga ncha mbili kwa tupa zilaliane, unaweka boraksi na kipande cha shaba, unapasha moto mpaka shaba ikimbie ndani. Halafu inakuja kazi ngumu kuliko zote, nayo ni kungoja. Kiungo lazima kizikwe kwenye majivu ya moto kipoe polepole. Ukikitia maji kinakuwa kigumu kama kioo, na kitavunjika kama kioo. Leo nimekizika saa tatu nzima.

Niandike basi. Seti hasomi Kiswahili cha kuandikwa kwa mkono, anapenda tu kuona kurasa zimejaa.

Jumamosi ya tarehe 20 Machi 1948 niliunga utepe hapa hapa. Mchana ule kulikuwa na ngoma Itetemia, wacheza nyoka wametoka mbali, nami nilitaka kuwahi. Kiungo nilikitumbukiza kwenye ndoo ya maji. Damas akaja, akauliza kama alivyouliza siku zote, akinitania kwa jina wanalotuitia sisi Wanyamwezi, "Mpagazi, kiungo kimelala majivuni?" Nikamjibu, "Kimelala, mtani, mpaka kimekoroma." Akacheka, akauchukua. Sikuwa nimefika hata langoni nilipousikia ukikatika. Ulimpiga chini ya kwapa. Hakufika hospitali.

Na ile harufu waliyoinusa kwake haikuwa pombe. Ilikuwa spiriti tunayofutia utepe. Kitambaa kilikuwa mfukoni mwake, na nilimpa mimi. Seti alinusa, akamwambia afisa alichonusa. Nilipoulizwa nilisema sikuona kitu.

Msibani sikutania. Mtani ndiye anayelala kaburini kabla ya maiti, anayedai kiti cha marehemu, anayeiga mwendo wake mpaka wafiwa wacheke machozi yakiwatoka. Mimi nilisimama nyuma nimefumbata mikono kama mkwe. Kila mtu aliona.

4 Desemba

Damas alikuwa anaukaza utepe kwa sikio. Aliudonoa kwa kidole ukalia, naye akapiga mluzi, akaendelea kuukaza mpaka sauti ya utepe na ya mluzi zikutane. Leo saa saba mchana wenzangu wako kwenye chakula, mvua inapiga mabati, nikaudonoa. Ukalia chini sana. Nikaukaza, nikadonoa tena. Sauti ikaanza chini, halafu ikapanda yenyewe polepole, mpaka ikafika pale pale alipokuwa akiishikia Damas.

Nikaushika utepe kwa mkono wote ili unyamaze. Haukuwa unatikisika tena. Mluzi uliendelea, kiasi cha mtu kumaliza pumzi.

Nimeandika yaliyotokea. Sijaongeza kitu.

10 Desemba

Umekata! Chuma cha inchi mbili, nta imepakwa vizuri kwenye meno, umeingia kama kwenye muhogo. Lakini mkato umepinda kushoto.

11 Desemba

Kushoto tena. Nimekagua vishikio vinavyouongoza utepe: cha kushoto kimelika. Nimekibadilisha.

12 Desemba

Bado kushoto. Saa nne utepe umekatika, pale pale kwenye kiungo. Hakuna aliyeumia, nilifunga kinga zote. Nilikilaza saa tatu! Mungu shahidi.

18 Desemba

Utepe wa pili umekatika. Seti kaja, kaangalia, kasema, "Tobias, wewe fundi au mimi nitafute mwingine?" Nikamjibu vibaya. Nilikuwa nikimwona Seti ndiye mwovu wa habari hii yote, yeye na pua yake. Siku hizi siwezi kumwona hivyo sawasawa.

24 Desemba

Mkesha wa Noeli. Hakuna kazi.

2 Januari 1952

Eustadia ameenda Usinge kwa dada yake aliyejifungua, wiki mbili. Tunakula mihogo ya kuchoma na kulaumiana.

5 Januari

Majivu. Mstari ule ule, urefu ule ule. Jana nilifunga mlango mwenyewe, ufunguo nililala nao, leo nimefungua mwenyewe.

Nikamvaa mzee Mabruki, nikamwambia mbele ya watu aache uchawi wake wa kitoto. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, majivu ya tanuri langu ni ya mkaa wa mti wa mgongo na mavi ya chuma, meusi. Hayo yako ni ya kuni. Tazama vizuri." Nikatazama. Ni meupe, laini, ya jikoni. Nimemwomba radhi, akasema imepita, lakini jioni hakunisubiri tutoke pamoja kama kawaida yetu.

11 Januari

Nimeona ugonjwa! Ekseli ya gurudumu la juu imepinda, unene wa ukucha tu, huwezi kuiona mpaka uizungushe dhidi ya chaki. Kila mzunguko utepe unakunjwa upande, na kiungo ndicho kinachochoka kwanza. Hata kiungo kizuri kingekatika. Hata kilicholala majivuni!

Kwa hiyo labda ilikuwa imepinda tangu wakati ule. Labda si mimi. Nimekaa chini ya ile mashine nikacheka peke yangu, nikalia pia, sioni haya kuandika. Leo nyumbani nimekula sahani mbili, na mke wangu Pelagia kaniuliza kama nimeokota kitu barabarani.

16 Januari

Ekseli imenyooshwa. Utepe mpya unazunguka siku ya pili, haujakatika. Bado unakata kushoto.

17 Januari

Kushoto.

19 Januari

Kushoto. Nimepanga meno upya, moja huku moja kule, kwa mkono, meno mia tatu na kitu. Nikisimama pale anaposimama mwendeshaji, mkato unapinda kuelekea mahali alipoangukia Damas. Nimehamisha chuma, nikakiingiza kutoka upande mwingine. Umepinda kuelekea pale pale.

7 Februari

Mfalme amekufa huko Ulaya. Bendera ya Boma iko nusu mlingoti. Tumefunga mapema.

Jumatano, 27 Februari

Jumatano ya Majivu. Padri kanipaka majivu kwenye paji la uso, kaniambia mimi ni mavumbi. Nimekwenda kazini nayo usoni. Juu ya meza ya msumeno palikuwa na mstari mfupi kuliko siku zote, kama mtu aliyechota kidogo.

Mzee Mabruki, ambaye hana habari na Kwaresima yetu, alinitazama uso, akatazama meza, akarudi tanurini kwake.

5 Machi

Mvua kubwa, barabara ya Itetemia imekatika. Eustadia kaniita baada ya chakula.

"Fundi, nifungie mpini. Hiki kisu kinanikata."

Kisu chake kila siku nakiona akikatia kisamvu, sikuwahi kukitazama. Ni kipande cha utepe, meno yamesagwa upande mmoja, mkiani kimeviringishwa matambara meusi kwa mafuta.

"Umekipata wapi, mama Apolinaria?"

"Walionipa nguo zake walinipa na hiki. Nikasema kilichonilia mume kitanikatia mboga."

Nilikwenda nacho kwenye jiliwa, nikafungua matambara. Ndani kulikuwa na shaba yangu. Fundi anaijua shaba yake. Na utepe haukuwa umekatika kwa kuchoka, taratibu, ufa ukitambaa kama zile mbili za Desemba. Umekatika mara moja, unywele mmoja kutoka kwenye shaba, na mahali pa kukatikia chuma ni chembechembe kama sukari. Hicho ni chuma kilichochomwa kupita kiasi kikatiwa maji. Ekseli haikuhusika. Ni mimi.

Miaka minne nimekula mboga iliyokatwa kwa kiungo changu.

Alikuwa amesimama mlangoni. "Umeona nini, fundi?"

"Kutu tu."

Nikakipigilia mpini wa mninga, nikaupiga msasa na kuupaka nta mpaka ukang'aa. Mpini mzuri kupita kiasi kwa kisu cha kisamvu. Aliupokea, akaupapasa, akasema ahsante.

20 Machi

Miaka minne leo. Sikula.

28 Machi

Modest, kaka yake Damas, ameandika kutoka Matombo. Anakuja baada ya Pasaka kujengea kaburi la mdogo wake. Eustadia ameniomba nitengeneze msalaba wa chuma, na ameomba watani waje.

Nimemwambia Pelagia sitaweza kwenda, kazi ni nyingi. Akaacha kupepeta. "Tobias, mara ya kwanza ulisimama kama mgeni, tukakustahi. Mara ya pili watu watauliza mtani wa Damas ana neno gani tumboni." Mke wangu si msemaji, ndiyo maana usingizi ulinikimbia.

9 Aprili

Nimekata vyuma vya msalaba. Nilipiga chaki, nikapaka nta, nikawasha, nikangoja upinde. Haukupinda. Mikato minne, imenyooka, ukiisimamisha kwenye bapa la kioo mwanga haupiti. Halafu nikajaribu chuma cha ghala. Kushoto.

Jumamosi, 19 Aprili

Niandike yote kabla sijalala.

Makaburini tulikuwa kama watu thelathini. Mvua imekwisha tangu Pasaka, anga jeupe, udongo bado laini. Modest ni mtu mnene mcheshi, sauti kama ya mdogo wake, nilishtuka aliposalimia. Seti Fakhrudin alikuja pia, kofia yake ya zari kichwani, akasimama kando kwa adabu. Saruji ikamwagwa, msalaba ukasimamishwa. Halafu Modest akapaza sauti: "Wapagazi wako wapi? Au wamechoka kubeba?"

Watu wakanigeukia. Nikatoka mbele.

Nikatania. Nikasema Waluguru wote mguu mmoja mfupi kwa ajili ya kutembea mteremko, ndiyo maana kaburi hili lilibidi lichimbwe upande. Nikaiga mwendo wa Damas, nikapiga mluzi wake, nikadonoa utepe hewani kwa kidole. Nikalala kando ya saruji, nikasema siondoki mpaka nilipwe jogoo. Wakacheka mpaka wakashikana. Nilikuwa sijacheka hivyo na watu hao miaka minne, na pale chini, nikiangalia mbingu, nikaona siwezi kusimama tena nikiwa na lile neno ndani.

Nikasema, "Huyu mtu nimemuua mimi."

Kicheko kikalipuka. Modest alijipiga mapaja.

"Ni kweli! Nilikuwa nakimbilia ngoma ya nyoka, kiungo nikakitia kwenye ndoo ya maji!"

"Mpagazi mvivu!" Modest akapiga kelele. "Hata kuua anaua kwa haraka!" Wakacheka zaidi. Mzee mmoja alikuwa anafuta machozi kwa kanzu.

"Hakuwa amelewa. Ilikuwa spiriti. Kitambaa nilimpa mimi."

Wakapiga makofi. Nikajua basi kwamba sitasadikiwa. Nimeificha kweli mpaka nimekuja kuitoa mahali pekee ambapo mtani hawezi kusema kweli. Niliogopa kuliko nilivyoogopa chochote karakanani.

Eustadia hakuwa amecheka. Alisimama, akaja mpaka miguuni pangu, akatoa kisu kwenye khanga. Mpini wangu wa mninga haukuwepo, ameuchoma, mkia wa kisu ulikuwa mweusi kwa masizi. Akainua kile kipande, shaba ikaonekana, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza bei ya chumvi:

"Mtani, kiungo kililala majivuni?"

Nikasema, "Hakikulala."

Kicheko kikaisha mtu mmoja mmoja. Wa mwisho kunyamaza alikuwa Modest.

"Sema tena," akasema.

Nikasimama, nikasema tena, taratibu, bila kupunga mkono wala kuiga mwendo wa mtu. Seti alivua kofia. "Mimi nilinusa, nikasema pombe," akasema, kwa nani sijui. Modest hakunipiga. Ningependa angenipiga. Alisema Jumatatu nitamwongoza mpaka Boma, nikaseme hivi hivi, na Seti akasema naye atakuja aseme lake.

Apolinaria, binti mkubwa wa Damas, ana miaka kumi na miwili. Alikuwa ameshika ukingo wa msalaba.

"Kwa hiyo baba hakuwa amelewa?"

"Hakuwa amelewa, mama."

Akamgeukia mdogo wake akamrudilia maneno hayo sikioni, kana kwamba yeye hakuyasikia.

Tulipokuwa tunarudi nilimwuliza Eustadia amejua tangu lini.

"Siku ile nilikuwa nimemletea chakula. Nilisikia akikuuliza, nikasikia ulivyomjibu. Na ndoo niliiona inatoka moshi. Sikujua maana yake mpaka mzee Mabruki aliponieleza kazi ya majivu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema mimi, wangesema mjane ana uchungu. Neno hili lilikuwa lako, mtani. Nilikupakulia sana ili usiache kuja."

Jumatatu, 21 Aprili

Naandika kwenye benchi la Boma, tunangoja karani. Sijui kama nitarudi kazini, na Pelagia hajui pia, lakini kanifungia karanga.

Asubuhi tulipitia karakana nikabidhi funguo kwa mzee Mabruki. Seti alitaka kwanza aone kama msumeno unafaa, nikakata chuma kimoja cha ghala. Mkato umenyooka. Nikakata cha pili, umenyooka. Seti akatikisa kichwa, akaenda kumngoja Modest langoni.

Nikazima, nikaenda kunawa. Niliporudi, juu ya meza palikuwa na mstari wa majivu. Eustadia alikuwa amesimama mlangoni, mikono mitupu.

"Mama Apolinaria," nikamwambia, "sasa inatosha. Nimekwisha kusema."

"Inatosha nini?"

"Majivu."

Akaja akatazama. "Niliweka mara moja tu," akasema. "Siku ulipofunua turubai. Nilitaka kuona uso wako."

"Na Januari? Na siku ya Kwaresima?"

"Januari nilikuwa Usinge."

Nikaweka kiganja juu ya majivu. Siku zote yalikuwa baridi. Leo yalikuwa ya moto, moto ule wa kulazia kiungo, usiounguza.

Eustadia naye akaweka mkono wake kando ya wangu. Hakuuondoa, na mimi sikuuondoa wangu. Modest alituita mara mbili kutoka langoni.